Kufungua feni, kuyeyusha plastiki au kukaa na fundi: uanzie wapi kufundisha uchumi mzunguko kwa wanafunzi wa usanifu

Mwalimu anayekabidhiwa somo la uchumi mzunguko (mfumo wa kuacha vitu na malighafi viendelee kutumika badala ya kutupwa) katika idara ya usanifu wa bidhaa hukuta njia tatu mbele yake. Anaweza kuwapa wanafunzi bidhaa zilizoharibika wazifungue, wazipime, kisha wazifunge zikiwa zinafanya kazi. Anaweza kufungua studio ya malighafi, ambapo plastiki hukusanywa, huyeyushwa kuwa kibao, na kibao hicho huzaa kigoda au taa. Au anaweza kuwapeleka kwa mafundi, mtaa wa Gerezani jijini Dar es Salaam au Kamukunji jijini Nairobi, wafanye nao mradi mmoja wa kweli. Kila njia ina cha kufundisha, ila si kitu kilekile, na kila moja huharibika kwa namna yake.

Wanafunzi wakiachiwa wachague, watachukua ya pili. Ina picha nzuri: vifuniko vya chupa vya rangi, kibao kinachong'aa, kigoda kwenye maonyesho ya mwisho wa mwaka. Ushauri wetu ni kuanza na ya kwanza, karibu kila mara. Sababu iko kwenye mchoro ambao wanafunzi haohao huwa wameukariri, ule wa kipepeo wa Ellen MacArthur Foundation, taasisi iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2010. Bawa moja ni la vitu vya kiwandani, na pete zake zimepangwa kutoka ndani kwenda nje: kutunza na kuendelea kutumia, kutumia tena, kuunda upya, na mwisho kabisa kurejeleza. Kila ukitoka pete moja kwenda ya nje unapoteza kazi, nishati na thamani iliyokwisha kuwekwa ndani ya kitu. Pasi nzima ni pasi. Ukiisaga unabaki na alumini kidogo na chenga za plastiki. Mwanafunzi aliyeanzia kwenye tanuri hutoka akiamini kuwa uchumi mzunguko ni jina jipya la kurejeleza taka, na imani hiyo ni ngumu kuing'oa mwaka wa tatu.

Kwa haraka, tofauti zenyewe ni hizi:

| | Kufungua bidhaa | Kibao cha plastiki | Mradi na fundi |
|---|---|---|---|
| Muda usiopungua | wiki 3, saa 4 kila wiki | wiki 5 | wiki 9 |
| Wanafunzi kwa mwalimu mmoja | hadi 40, vikundi vya 4 | 12 | 15, vikundi vya 3 |
| Kinachokwamisha | maltimita na mizani | tanuri na hewa ya kutosha | nauli na malipo ya fundi |
| Pete inayoeleweka | kutunza, kutengeneza, kutumia tena | kurejeleza tu | zote, wakiwa na macho ya kuona |
| Hatari kubwa | umeme | joto na moshi | ahadi zisizotimizwa |

Kufungua bidhaa

Chagua bidhaa moja kwa darasa zima. Ukiruhusu kila kikundi kije na chake, kimoja kitaleta redio, kingine blenda, na hakuna atakayeweza kulinganisha na mwenzake. Feni ya mezani inafaa kuliko zote tulizoziona zikitumika: ina mota, waya, plastiki za aina mbili au tatu, chuma, na magonjwa yake yanajulikana. Kwa wanafunzi 40 unahitaji feni 10 za kufungua na 2 za akiba. Zinunue kwa mafundi au wauza skrepa, zikiwa zimekufa lakini hazijaguswa na bisibisi. Ukiweza, ziwe za aina mbili, tano kwa tano, ili kuwe na cha kulinganisha.

Kila meza iwe na bisibisi ya nyota na bapa, koleo, maltimita, mizani ya jikoni inayosoma gramu moja, simu ya kupigia picha na trei ya mayai. Trei ndiyo inayookoa somo. Ina vishimo 30. Andika namba kwenye kila kishimo, na skrubu za hatua ya 7 zikae kishimo cha 7. Kikundi kisicho na trei kitafunga feni na kubaki na skrubu nne mkononi, kisha kitadai hazikuwa na kazi.

Kabla ya kufungua, kikundi kipime feni nzima na kuandika makisio: kilichoharibika ni nini, na kukifikia kutachukua hatua ngapi. Makisio hayo yasifutwe. Kisha jedwali lianze, mstari mmoja kwa kila hatua: sehemu iliyotoka, kilichokuwa kimeishikilia (skrubu, kibanio, gundi, ribiti), zana, sekunde, uzito, malighafi, na swali moja la ndiyo au hapana: je, kiungio hiki kinarudi kama kilivyokuwa? Safu hiyo ya mwisho ndiyo somo lenyewe. Skrubu inarudi. Kibanio cha plastiki kinarudi mara moja au mbili, kisha ulimi wake unavunjika. Ribiti hairudi kabisa, maana haitoki mpaka itobolewe.

Jumla ya uzito wa sehemu isipishane na uzito wa feni nzima kwa zaidi ya asilimia 2. Feni ya gramu 2,400 inaruhusiwa kupotea gramu 48. Wakizidi hapo, warudi mezani. Mara nyingi wamesahau waya wa umeme au wamepima kichwa cha mota pamoja na kava lake, kisha kava peke yake tena. Shaba iliyosukwa ndani ya mabati ya mota haitenganishiki darasani. Waiandike "mchanganyiko" na uzito wake, wasikisie asilimia ya shaba.

Kujua plastiki ni ipi, ndoo ya maji inatosha kwa sehemu kubwa ya kazi. Polietilini na polipropilini huelea. Polistirini, ABS, PET na PVC huzama. Ukitaka kutenganisha zilizozama, koroga chumvi mpaka isiyeyuke tena: polistirini na ABS zitapanda juu, PET na PVC zitabaki chini. Polipropilini na polietilini ngumu hutenganishwa kwa spiriti na maji nusu kwa nusu, ambapo ya kwanza huelea na ya pili huzama. Kipande kilichopakwa rangi au chenye povu la sabuni litokanalo na kuoshwa vibaya hudanganya, kwa hiyo kata kipya, kizamishe kwa kidole na ukitikise viputo vitoke.

Sasa ugonjwa wa feni. Ikiwa panga zinazunguka pale tu unapozisukuma kwa mkono, kapasita imechoka. Kwenye feni ndogo huwa ya mikrofaradi 1 hadi 2. Ikiwa mhimili ni mzito, bushi (pete ambayo mhimili huzungukia ndani yake) imekauka, na tone la mafuta ya mashine linaitibu. Ikiwa imekufa kabisa na waya mzima, pima fyuzi ya joto, ile inayokata umeme koili ikipata joto kupita kiasi. Hapa ndipo mwalimu anapaswa kusimama kwa muda mrefu. Fyuzi hiyo hufichwa ndani ya koili, chini ya utepe na nyuzi zilizofungwa, na ikikatika haijirudishi. Fundi wa mtaani anaijua vizuri: huikata, anaunganisha waya moja kwa moja, na feni inazunguka. Mteja anafurahi. Siku bushi ikikauka na mota ikakwama, hakuna tena cha kukata umeme kabla koili haijashika moto.

Wanafunzi wengi wataandika kwamba fundi amekosea. Usikubali jibu hilo liishie hapo. Fundi alifanya pekee kinachowezekana kwa mpangilio aliopewa: spea ya bei ndogo kabisa imewekwa mahali panapodai saa nzima ya kuchambua nyuzi. Swali la usanifu ni wapi fyuzi ikae ili isikie joto la koili, ibadilishwe kwa dakika tano, na iwe vigumu kuiruka. Kikundi kinachojibu swali hilo kwa mchoro na kielelezo cha karatasi ngumu kimejifunza zaidi ya kile kilichoandika kurasa kumi kuhusu uendelevu.

Kwa kutoa alama, vipengele vitano vya fahirisi ya urekebikaji ya Ufaransa (alama inayoonyesha bidhaa ni rahisi kiasi gani kutengenezwa ikiharibika), iliyoanza kutumika Januari 2021, vinakaa vizuri darasani: maelezo ya kiufundi, urahisi wa kufungua, upatikanaji wa spea, bei ya spea ukilinganisha na bidhaa mpya, na kigezo mahususi cha aina ya bidhaa. Kila kimoja kina alama 20, jumla hugawanywa kwa 10. Kwa feni inayouzwa Dar es Salaam au Nairobi, badilisha kipengele cha spea: usihesabu kama mtengenezaji anaiuza, hesabu kama inapatikana Kariakoo au Luthuli Avenue. Matokeo hugeuka mara nyingi, na hapo mjadala huwa mzuri.

Usalama hauna mjadala. Plagi zote zifungwe kwa utepe, na kuwe na meza moja tu ya kujaribia, chini ya mwalimu au fundi wa karakana, yenye swichi ya usalama inayokata umeme ukivuja kwa miliampia 30. Televisheni ya chogo, maikrowevu na pakiti za betri za lithiamu zisiingie darasani kabisa. Kapasita ya maikrowevu hubaki na chaji ya kuua hata plagi ikiwa imechomolewa.

Hesabu kati ya feni na tanuri

Kabla hujachagua kama utaendelea na plastiki au mafundi, toa saa mbili za hesabu. Kipimo cha mzunguko wa malighafi kilichotolewa mwaka 2015 na Ellen MacArthur Foundation pamoja na kampuni ya Granta Design kinaweza kupunguzwa hadi mstari mmoja, ukichukulia kuwa urejelezaji haupotezi kitu. Chukua kilo za malighafi mpya, jumlisha kilo zitakazoishia jalalani, gawa kwa mara mbili ya uzito wa bidhaa. Zidisha kwa 0.9, gawa kwa idadi ya mara ambazo bidhaa yako inadumu kuliko ya kawaida, kisha toa jibu kwenye 1.

Kigoda cha kilo 4 chenye kilo 3 za malighafi mpya, kilo 1 iliyorejelezwa, na kilo 1.5 zitakazotupwa, kikidumu sawa na vingine: 4.5 gawa kwa 8 ni 0.5625, mara 0.9 ni 0.506, kipimo ni 0.49. Ongeza plastiki iliyorejelezwa mara mbili, iwe kilo 2, na kipimo kinapanda hadi 0.61. Acha plastiki ilivyokuwa lakini kigoda kidumu mara mbili, na kinafika 0.75. Wape wanafunzi wafanye wenyewe bila kuwaambia jibu. Watakaokuwa wameshapanga kukusanya vifuniko vya chupa watanyamaza kidogo.

Ila kipimo hiki kina mlango wa nyuma. Mwanafunzi mjanja ataandika kuwa kigoda chake kinadumu mara tano, na kipimo kitapaa. Mkatalie mpaka aonyeshe ni sehemu gani huvunjika kwanza kwenye vigoda vya kawaida na ameifanyia nini. Vilevile hakijui sumu wala nishati, kwa hiyo kisibebe alama zote.

Kibao cha plastiki

Tumeisema vibaya njia hii, lakini ina mahali pake. Mtu aliyeshika kibao kilichojikunja anaelewa uchafuzi wa malighafi kuliko aliyesoma sura nzima. Michoro ya mashine za Precious Plastic, mradi ulioanzishwa na Dave Hakkens mwaka 2013, ni ya bure na fundi wa kuchomelea anaweza kuzitengeneza mashine hizo. Kwa darasa, hata hivyo, tanuri la umeme la kuokea, mabamba mawili ya chuma na klampu sita vinatosha kuanza. Tanuri hilo lisirudi jikoni tena.

Kibao cha sentimita 30 kwa 30, unene sentimita 1, kina ujazo wa sentimita 900 za ujazo. Kwa polietilini ngumu hiyo ni gramu 855. Pima 900, kwa sababu kingo humwagika. Kifuniko kimoja cha chupa kina takriban gramu 2, kwa hiyo unahitaji vifuniko kama 450 kwa kibao kimoja. Wanafunzi hushtuka hapo, na ni vizuri washtuke: vikundi vitatu, vibao viwili kila kimoja, ni vifuniko 2,700 vya kuosha na kukausha siku mbili juani.

Joto liwe nyuzi 180 hadi 190. Jaza chenga kwa awamu mbili au tatu, maana zikiyeyuka hushuka. Tandika karatasi ya kuokea chini na juu. Zikishakuwa uji mzito, funika na bamba, kaza klampu, na uzikaze tena kila dakika tano, kwa sababu polietilini husinyaa inapopoa na klampu hulegea zenyewe. Iache ndani ya mabamba mpaka mkono uweze kuishika. Aliyefungua mapema atapata kibao kilichojikunja kama jani kavu, na hakinyooki tena bila kurudi motoni.

Makosa matatu hujirudia. La kwanza ni maji yaliyobaki kwenye vifuniko, yanayoacha viputo ambavyo huonekana tu baada ya kukata. La pili ni kuchanganya vifuniko vya polipropilini, ambavyo vinahitaji joto la zaidi ya nyuzi 160 ili viyeyuke wakati polietilini ngumu huyeyuka karibu na 130. Ukitumia joto dogo kukwepa moshi, vinabaki kama kokoto ndani ya kibao na hapo ndipo kitapasuka. La tatu ni la hatari: PVC. Vipande vya bomba na maganda ya waya vikiingia motoni hutoa gesi ya asidi. Kanuni ya ndoo inalinda: kilichozama hakiingii kwenye tanuri, bila ubishi.

Kosa la usanifu huja baadaye. Kibao kikishapatikana, mwanafunzi hukigundisha kwenye mbao kwa epoksi, anaongeza miguu ya chuma, na kitu kilichokuwa malighafi moja safi kimekuwa takataka ambayo hakuna anayeweza kuitenganisha. Weka sharti tangu siku ya kwanza: hakuna gundi, na bidhaa ifunguke kwa zana moja ndani ya dakika tatu. Wanafunzi hupenda kutaja jahazi la Flipflopi, la mita 9, lililoundwa kwa plastiki iliyorejelezwa na kushushwa majini Lamu mwaka 2018. Litajeni, lakini mseme na kilicholifanya likae majini: mafundi wa jahazi walioichonga plastiki kwa ujuzi uleule wa kuchonga mbao.

Benchi la fundi

Njia hii ndiyo yenye faida kubwa na ndiyo inayoanguka vibaya zaidi. Huanguka wanafunzi wanapofika na mchoro uliokamilika na kamera. Fundi atakubali kila kitu, kwa adabu, kisha hatatengeneza chochote mpaka muhula uishe.

Panga ziara tatu kabla ya mchoro wowote. Ya kwanza ni kusalimia, kueleza shida na kuuliza siku ya fundi ina thamani gani. Kiasi hicho alipwe kwa kila siku mtakayomkalia. Ya pili ni kupima: asubuhi pima bati au mapipa yaliyoingia, jioni pima bidhaa zilizotoka na mabaki. Wanafunzi waliokuja kupunguza taka hugundua kuwa taka ni kidogo sana, kwa sababu vipande hugeuzwa vifuniko, mishikio na bawaba, na vinavyobaki huchukuliwa na mnunuzi wa skrepa. Hiyo ndiyo sababu ya ziara ya pili kuwepo. Ya tatu ni kukaa na kitu kilichorudishwa na mteja kikiwa kimeharibika, na kuuliza kwa nini.

Jiko la makaa lenye udongo ndani ni mada nzuri kwa ziara hiyo. Kava la bati hudumu kuliko udongo. Udongo ukipasuka, kuubadilisha kunahitaji kubomoa saruji iliyoushika. Kazi ya kikundi: mwenye jiko abadilishe udongo mwenyewe kwa dakika kumi, bila saruji mpya. Inaonekana rahisi mpaka wagundue kuwa mfinyanzi na fundi bati hutumia vipimo tofauti, na udongo wa mmoja haukai kwenye kava la mwingine. Hapo suluhisho linaacha kuwa umbo la jiko. Linakuwa kigezo kimoja cha bati ambacho pande zote mbili zinakubali kukitumia, na nani anakitunza. Hakuna njia nyingine katika hizi tatu inayofikisha mwanafunzi kwenye swali la namna hiyo.

Andikeni makubaliano ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili: malipo, tarehe, nani ana haki ya kuendelea kutengeneza muundo mpya (jibu letu: fundi, bila masharti), na jina lake kutajwa au kutotajwa kwenye maonyesho. Alama zisitegemee bidhaa iliyokamilika. Toa 40 kwa vipimo vya ziara, 30 kwa mchoro uliobadilika baada ya fundi kuukosoa, 30 kwa kielelezo hata kama kimevunjika, ilimradi waeleze kimevunjikia wapi.

Uchague ipi

Ukiwa na wiki nne na darasa kubwa la mwaka wa kwanza, fungua feni na ufanye hesabu, basi. Usijaribu kubana na plastiki humo.

Ukiwa na wanafunzi 12 wa mwaka wa pili waliokwisha kufungua kitu, na karakana yenye madirisha pande mbili, kibao cha plastiki kinafaa. Bila hewa ya kupita, kiache. Feni moja dirishani haitoshi kwa vikundi vitatu vinavyoyeyusha kwa wakati mmoja. Vumbi la msumeno nalo lizolewe na kurudishwa tanurini, lisifagiwe kwenda mtaroni.

Muhula mzima wa wiki 14 na wanafunzi wa mwaka wa mwisho: wiki 3 za kufungua, 1 ya hesabu, 9 za fundi, na 1 ya maonyesho ambayo fundi amealikwa na kulipwa nauli. Plastiki ionyeshwe kwa siku moja tu, na mwalimu ndiye akae kwenye tanuri. Kama muhula wako unaanza Januari na unalenga Kamukunji, anza na feni mwezi huo wote. Mafundi wa bati wakati huo wanagonga masanduku ya wanafunzi wanaokwenda shule za bweni, na hakuna atakayepata nafasi ya kukueleza kwa nini udongo wa jiko umepasuka.